Vioo Viwili vya Inchi Sita

Konventi ya Masista, Moshi
8 Januari 1956

Kaka Theophil,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Huku mlimani tumeamka wazima. Mbingu za mwezi huu ni safi, theluji inaonekana tangu asubuhi mpaka jua lizame, na wasichana ninaowafundisha hesabu wanageuza shingo dirishani badala ya kutazama ubao. Baba mdogo alipita Jumapili. Anasema kahawa za Baba amezipogoa na zimeanza kuchipua. Nisalimie wifi yangu Euphrasia. Nimesikia ni mjamzito, namwombea kila jioni.

Sasa lililonikalisha niandike. Katika kabati la vitabu nimekuta gazeti la zamani lenye maelezo ya kutengeneza darubini ya kutazamia nyota. Haihitaji mashine. Inahitaji vioo viwili vya mviringo, inchi sita toka ukingo hadi ukingo, vinene kama kidole gumba. Kimoja unakilaza juu ya pipa, kingine unakisugua juu yake kwa maji na unga mkali, miezi na miezi, mpaka kile cha juu kinabonyea kidogo kama sahani na kuweza kukusanya mwanga. Mama Mkuu ameruhusu, mradi kazi hiyo isiguse saa za sala. Septemba mwaka huu sayari ile nyekundu, Mirihi, itakuwa karibu na dunia kuliko wakati wowote tangu mwaka 1924, nami nataka wasichana waione. Vioo vinene hivyo Moshi havipatikani. Fundi wa vioo ninayemjua ni wewe.

Na lile swali langu la Septemba iliyopita, kwa kuwa huenda barua ile ilipotea njiani: Je, Baba alisomewa barua yangu kabla hajafariki nyumbani kwako? Alisema nini?

Mdogo wako,
Severa (Sista Candida)


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
6 Februari 1956

Mdogo wangu Severa,

Milele na milele, amina. Marahaba. Namsalimu pia Mama Mkuu, maana najua ndiye atakayeisoma barua hii kabla yako. Mama, karibu. Sisi tuko hai. Joto linamfanya Euphrasia alale mkekani mchana kutwa, na amekataa samaki wa kila namna, jambo gumu katika mji huu. Mkunga anasema mwisho wa Aprili.

Kuhusu vioo. Niliposoma nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Miaka kumi na mitatu nimekata vioo vya madirisha na vya picha kwa kalamu ya almasi. Almasi inakwaruza mstari, unagonga kidogo, kioo kinaachana. Lakini kioo kinene kama kidole gumba hakikubali kuachana kwa duara. Kinapasuka kinakotaka chenyewe. Nilimweleza hivyo jirani yangu Mbaruku, mtu wa Kilwa, anayenoa visu kwa gurudumu la kukanyaga hapa barazani kwangu. Alimaliza kwanza panga alilokuwa nalo. Kisha akasema duara hilo halikatwi, linasagwa: nitafute kipande cha bomba la chuma chenye upana ule, tukisimamishe juu ya kioo, tukizungushe kwa gurudumu lake huku tukitia maji na unga.

Kioo nimekwisha kukipata. Duka moja la vitambaa Mtaa wa Kongo, meza yao ya kioo ilipata ufa pembeni, nami ndiye niliyewawekea mpya. Ile ya zamani wameniachia. Bomba nitalitafuta kwenye vyuma vikuukuu kule Magogoni.

Kwaresima inaanza wiki ijayo na hutaruhusiwa kuandika. Usihofu. Nikipata la kukuandikia nitakuandikia.

Kaka yako,
Theophil


Kariakoo
19 Machi 1956

Severa,

Najua hutajibu mpaka Pasaka, na kwa sababu hiyo naandika kwa raha zaidi, kama mtu anayezungumza na aliyelala.

Bomba tulilipata, limekula kutu lakini duara lake ni zuri. Mbaruku alililaza gurudumu lake ubavu, akaunganisha mkanda, na tukajenga ukuta mdogo wa udongo juu ya kioo ili maji yasikimbie. Unga wetu ni ule mweusi ambao mafundi wa magari husagia vali za injini. Yeye anakanyaga, mimi nashika bomba lisiyumbe. Mlio wake si kelele. Ni kama mvua iliyo mbali, juu ya bati la jirani. Wanawake wanaotoka sokoni na vikapu vya nazi wanasimama, wanatazama, wanasahau walikokuwa wanakwenda. Mama mmoja aliuliza tunatafuta nini humo ndani. Mbaruku alimjibu tunatafuta mwezi, naye akaitika kwa kichwa kana kwamba ni jambo la kila siku.

Kwa kutwa nzima bomba linashuka unene wa kucha. Kioo cha kwanza nilikiharibu mwenyewe: kilipokaribia kuachia nilikandamiza kwa pupa, kikatoka na ufa toka upande hadi upande. Mbaruku alikwenda kunywa kahawa. Cha pili kilitoka kizima lakini ukingo wa chini umemeguka kama mkate. Tukagundua kwamba kioo hakipendi kuachiwa hewani. Tukakigandisha kwa nta juu ya kioo kingine kibovu, bomba lipitilize mpaka humo. Cha tatu kilitoka salama. Na cha nne.

Niliviosha tope. Kingo zake ni za kijani, Severa, kijani cha maji yaliyo kivulini. Nilikaa nimekishika kimoja mpaka Euphrasia akaniita kula mara mbili. Vitakuja na Elisaria, yule anayeleta vitunguu kwa lori. Unga wa aina nne nimeufunga katika makopo.

Nilitaka kukuambia jambo jingine, lakini karatasi imekwisha.

Theophil


Konventi ya Masista, Moshi
15 Aprili 1956

Kaka Theophil,

Kristo amefufuka. Shikamoo. Masika yameanza, mifereji imejaa, na sauti ya maji inatufuata mpaka kanisani. Elisaria alileta vioo Jumatano baada ya Pasaka, vimefungwa katika kanga ya wifi. Kanga nimeifua, nitairudisha. Barua yako ya Machi nilikabidhiwa siku ya Pasaka yenyewe. Mama Mkuu ameniungamia kwamba alicheka palipopasuka kile cha kwanza.

Nimeanza. Pipa nimelijaza mawe na kulisimamisha katika kibanda cha kufulia. Kila siku baada ya chakula cha mchana, wenzangu wakipumzika, nasukuma kioo cha juu mbele na nyuma, nakigeuza kidogo, nasogea hatua moja kulizunguka pipa, nasukuma tena. Nasali rozari kwa hatua. Juzi niliweka rula juu yake, na katikati palipita mwanga mwembamba kama uzi: kimeanza kubonyea. Wakati mwingine nasahau nilipo. Nahisi si mimi ninayezunguka. Mimi nimesimama, na kibanda na migomba na mlima vinanizunguka taratibu, bila kuniuliza kitu.

Tarehe nane Septemba nitaweka nadhiri za daima. Siku hiyo kuna benchi la mbele kwa ajili ya wazazi. Sikuombi uje. Ni mbali, na mtoto atakuwa mchanga.

Uliandika kwamba karatasi imekwisha. Upande wa pili ulikuwa mweupe wote. Swali langu bado lipo.

Severa


Kariakoo
2 Mei 1956

Severa,

Ni msichana. Amezaliwa Jumamosi alfajiri, tumempa jina la bibi, Hyasinta. Mama na mtoto wazima. Ninakutumia unga mwekundu wa kung'arisha, nimeupata kwa sonara wa hapa mtaani, ndio anaong'arishia dhahabu. Kwa kitambaa cha kung'arishia sijui. Gazeti lako linasema nini? Hapa mvua haikatiki.

Theophil


Konventi ya Masista, Moshi
20 Mei 1956

Kaka,

Shikamoo. Mungu amkuze Hyasinta. Wasichana wamemwimbia, ingawa hakusikia.

Gazeti linasema si kitambaa, ni lami laini. Mimi nimetumia nta iliyobaki kwenye mishumaa ya kanisa, na inakubali.

Hukunijibu.

Severa


Kariakoo
17 Juni 1956

Mdogo wangu Severa,

Hyasinta ana wiki saba na analia kwa sauti ya kiume. Euphrasia ameanza kula samaki. Barua hii nimeiandika mara nyingi na kuichana. Mama Mkuu, ya leo uisome polepole, au usiisome kabisa, upendavyo.

Barua yako kwa Baba ilifika mwaka jana, siku chache kabla hajafariki. Unajua nilimleta mjini apasuliwe mtoto wa jicho, na homa ya mapafu ikamkuta kabla ya siku ya kupasuliwa. Alikuwa amelala chumba cha nyuma ya duka, kaishika barua kwa mikono miwili. Akaniambia nimsomee. Nilimsomea salamu, habari za shule, habari za mahindi. Kisha nikafika pale ulipoandika: "Baba, niliondoka bila baraka yako, nikakuacha umesimama mlangoni. Naomba unisamehe, na ukiweza, unibariki."

Nilipaona. Nikaparuka. Nikamsomea mwisho, salamu kwa wote.

Ulipoingia utawa mwaka 1947, mimi ndiye niliyekuwa napanda gari kila Krismasi na kumkuta amekaa peke yake, sufuria moja, kikombe kimoja. Alipougua nilikuandikia uje, ukajibu kwamba kanuni hairuhusu. Nikasema moyoni: asiyeweza kuja, asipate kwa karatasi. Nilidhani nitamsomea kesho yake, hasira ikipoa. Kesho yake homa ilimzidi, hakutambua tena sauti ya mtu. Tulimzika Kinondoni, na barua nilikuwa nayo mfukoni.

Wiki iliyopita nilimweleza Mbaruku, nikitumaini ataniambia ni jambo dogo. Alisimamisha gurudumu. Akasema, "Hilo si langu kukusamehe. Mwandikie mwenye nalo."

Nimekuandikia.

Theophil


Konventi ya Masista, Moshi
22 Julai 1956

Theophil,

Barua yako imefika mwezi mmoja sasa. Sijagusa kioo tangu siku hiyo. Kimekaa juu ya pipa, kimefunikwa na kitambaa, na wanaofua nguo wanapita pembeni kama kuna mgonjwa.

Nimemwomba Mama Mkuu aniahirishie nadhiri, maana siwezi kusimama altareni na donge hili. Aliuliza kama nimekujibu. Nikasema hapana. Akasema, "Mjibu kwanza, halafu tutazungumza."

Nina swali moja tu. Ulipomaliza kusoma, Baba alisema nini?

Severa


Kariakoo
30 Julai 1956

Mdogo wangu,

Alisema, "Soma tena."

Nikasoma tena, nikaparuka palepale. Akasema, "Soma tena, polepole." Nikasoma mara ya tatu. Aligeuza macho yake meupe dirishani. Kisha akasema, "Hapo katikati unavuta pumzi." Nikamwambia mwandiko ni mbaya. Akaichukua barua, akaikunja mwenyewe kwa kupapasa, akaiweka chini ya mto.

Akasema, "Basi. Mwambie nimesikia."

Hayo ndiyo maneno yake kwako, na sikukupa. Kukupa hayo ilikuwa ni kukiri yale mengine. Mwaka mzima nimejiambia alikuwa na maana ya salamu na mahindi. Sijui alisikia nini. Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza, na safari hii sikuruka.

Theophil


Konventi ya Masista, Moshi
12 Agosti 1956

Kaka Theophil,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Baridi imezidi, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Baba mdogo anaumwa goti. Mabusu kwa Hyasinta.

Unakumbuka Baba alivyokuwa zamu yake ya maji ikifika? Hakwenda kuukagua mfereji kwa taa kama wengine. Alisimama nje, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akasema, umezibwa pale unapokuwa mwembamba, au, umezibwa juu kwa fulani, na tukienda tunakuta ni hapo. Aliyeweza kusikia maji yamezuiwa wapi nusu maili juu ya mlima, angeshindwa kumsikia mwanawe aliyeketi kitandani pake?

Nimelia siku mbili, kisha nikarudi kwenye pipa. Kioo kimekamilika. Kiko wazi kama hakuna kitu. Anakileta Elisaria, nawe nakuomba ukipake fedha upande wa mbele, upande uliobonyea, kama mnavyopaka vioo vya kujitazamia, ila hiki kisifunikwe rangi wala kuguswa kwa kidole. Bomba la mbao la kukitia na lenzi ya kutazamia viko tayari hapa.

Nadhiri ziko palepale, tarehe nane. Kaka, sijamaliza kukukasirikia. Nakwambia ukweli kwa kuwa siku hiyo nitaahidi mambo makubwa mbele ya Mungu, na sitaki kwenda nikiwa na uongo. Lakini kioo hakitapona kwenye lori la vitunguu kikishapakwa. Kilete mwenyewe. Ukae benchi la mbele.

Severa


Kariakoo
26 Agosti 1956

Mdogo wangu Severa,

Sote wazima. Kioo nimekipaka fedha leo. Nilifunga duka, nikakiosha mara saba, nikakilaza kwenye beseni na kukimwagia dawa. Mwanzoni maji yanakuwa meusi kama matope, unadhani umeharibu kila kitu. Kisha chini yake unaona kitu kinaamka.

Kilipokauka nilikiegemeza ukutani, nikafungua mlango na kurudi nyuma mpaka kizingitini. Na humo ndani nikaona Kariakoo yote imepinduka. Watu walitembea kwa miguu yao juu ya mbingu, taratibu, hakuna aliyeanguka. Mikungu ya ndizi ilining'inia kwenda juu. Mbaruku alikuwa juu ya paa la dunia ananoa kisu chake, cheche zinapanda. Nilimwita aje aone. Tulisimama wawili mlangoni mpaka mteja akaja kudai kisu chake.

Naja. Nitapanda gari la Jumatano kupitia Korogwe, kioo nitakipakata. Euphrasia amenishonea mfuko wa pamba.

Theophil


Kariakoo
19 Septemba 1956

Mdogo wangu Severa,

Milele na milele, amina. Nilifika salama siku ya pili baada ya kuondoka huko. Hyasinta alinikataa kwa saa nzima, kisha akanikubali.

Nina neno ambalo sikulisema huko. Jioni ile baada ya nadhiri, wasichana walipojipanga kwenye nyasi na ninyi mkanitanguliza kama mgeni, nilisema nimeiona Mirihi. Sikuiona. Niliweka jicho kwenye darubini, nikaona maji matupu. Nilikuwa nimekaa siku nzima kwenye benchi la Baba, nimekusikia ukiitwa na ukiitika, na hadi jioni sikuwa nimelia. Machozi yalichagua saa ile, mbele ya wasichana arobaini. Wewe ulidhani nimeshindwa kuipata. Ukaja nyuma yangu, ukanishika kichwa kwa mikono miwili, ukakigeuza kidogo, ukasema, "Tulia. Usiitafute. Ngoja ije." Miaka tisa hukuwa umenigusa.

Sijui mikono yako ilikuwa imesamehe au ilikuwa inafundisha tu. Sikuthubutu kuuliza. Nilikaa hapo nikisikia viganja vyako, vikavu na vikali kwa ule unga, mpaka msichana wa nyuma akakohoa.

Nisamehe kwamba nilidanganya tena, ingawa safari hii ni juu ya nyota.

Theophil


Konventi ya Masista, Moshi
30 Septemba 1956

Kaka Theophil,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo.

Hukukosa kikubwa. Mirihi ilikuwa kama tembe ya dawa yenye rangi ya chungwa, laini, haina alama hata moja. Wanasema dhoruba ya vumbi imeifunika yote. Wasichana walivunjika moyo. Ndipo wakageukia mwezi mchanga uliokuwa unazama, wakaona milima yake, na hawakutaka kwenda kulala. Sasa Sista wa jikoni naye ameomba zamu.

Juu ya mikono yangu: nilijua unalia. Niliona mabega yako. Nilikushika kwa sababu hiyo.

Jumatatu niliamka nikalitafuta donge lile, kama mtu anavyogusa jino lililokuwa linauma, sikulikuta. Sijui liliondoka saa ngapi. Basi tusiliandike tena. Niandikie mambo ya kawaida. Hyasinta amegeuka mwenyewe kitandani? Wifi anampaka mafuta gani? Mbaruku ana watoto? Bahari inatoa sauti hata siku isiyo na upepo? Masista wameniuliza, na mimi sijawahi kuiona. Niandikie kwa urefu, kaka, pande zote mbili za karatasi.

Mdogo wako,
Severa